Masanduku Niliyoyatuma Kanyosha

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu. Vilinibana njia nzima kutoka mtaa wetu wa Buyenzi hadi mjini, na nilipofika ghorofa ya pili ya jengo lile nilikuwa nachechemea. Ilikuwa ofisi ya msanifu majengo. Nilikuwa na cheti cha shule ya ufundi, alama nzuri za hesabu, na mkono mwepesi ambao walimu walikuwa wakiusifu mbele ya wavulana. Nilidhani nitapewa nyumba ya kuchora, au angalau choo. Mkuu wa chumba cha michoro, Bwana Severini, ambaye kila mtu alimwita Shefu, alinionyesha meza iliyo karibu na dirisha, akaniwekea karatasi nyeupe na kalamu ya risasi, akaniambia nichore sanduku.

Nilimuuliza sanduku la nini.

"Sanduku tu," akasema. "Ya hewa. Bila rula."

Nikachora. Nilitumia karibu saa nzima, nikatia kivuli upande mmoja, nikachora hata misumari kwenye mbao. Aliporudi hakutazama kivuli wala misumari. Alichukua kalamu nyekundu na rula, akaurefusha kila mstari wa sanduku langu kuelekea nyuma, hadi nje ya karatasi, juu ya ubao wa meza. Hapo ndipo nilipofundishwa jambo la kwanza. Ukitaka kitu kionekane kina mbele na nyuma kwenye karatasi bapa, mistari ambayo kwa kweli iko sambamba lazima uielekeze mahali pamoja, mbali, kama kingo mbili za barabara ndefu zinavyoonekana kukutana huko mbele. Wazungu wa shule walipaita mahali hapo point de fuite. Sisi katika chumba chetu tulipaita mahali pa kukimbilia. Mistari yangu haikukutana popote. Mmoja ulikwenda dirishani, mwingine ukashuka kwenye magoti yangu.

"Mistari yako haijuane," Shefu akasema. "Chora zingine kumi. Kesho kumi tena, mbele ya kazi. Mi nitaangalia."

Jioni nilimwambia mama kwamba nimeajiriwa kuchora masanduku. Akaniuliza kama ni masanduku ya bia, maana kazi hiyo hakuitaka kwa binti yake.

Tulikuwa watu wanne katika ofisi ile. Mkurugenzi, msanifu mwenyewe, alikuwa na chumba chake chenye zulia, na alikuja kwetu pale tu alipotaka kitu. Shefu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkazi wa Kanyosha kusini mwa mji, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye miwani aliyoifunga nyuma ya kichwa kwa uzi ili isianguke juu ya mchoro. Deo alikuwa mchoraji wa pili, kijana wa maneno mengi aliyesema nitaishia kuolewa na sanduku. Wa nne nilikuwa mimi, Zuhura, mwanamke pekee.

Ninyi mnaochora kwa kompyuta hamwezi kujua jinsi kosa dogo lilivyotugharimu siku nzima. Tulichora kwa wino juu ya kalki, ile karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea, unalikwangua kosa kwa wembe, polepole, kisha unapasugua mahali pale kwa ukucha mpaka pawe laini, la sivyo wino mpya husambaa kama mafuta kwenye maji. Mchoro ukikamilika unapitishwa kwenye mashine ya kutoa nakala, nayo ilitumia amonia, dawa inayochoma macho, hata kila aliyetoka chumba kile alionekana ametoka msibani. Kwa miezi miwili ya kwanza nilitoa nakala na nilichora masanduku, basi.

Shefu hakuwa mtu wa kusifu, na sikumsikia akikaripia. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mkubwa mwingine yeyote: alisema kosa moja tu kwa siku. Karatasi yangu ingeweza kuwa na makosa ishirini, yeye alichagua moja. Wiki ya kwanza ilikuwa mkono. Aliona mistari yangu inatetemeka, akanionyesha kwamba nachora kwa vidole kama anayeandika barua, wakati mstari mrefu unachorwa kwa bega, mkono wote ukienda pamoja, na jicho likitazama mahali mstari utakapoishia, si ncha ya kalamu. Wiki ya pili ilikuwa umbali: nilikuwa naweka mahali pa kukimbilia karibu mno, na masanduku yangu yalionekana kama yamebanwa mlangoni. Halafu siku moja akahesabu kwa ncha ya kalamu yake.

"Umechora kona saba," akasema. "Sanduku iko na nane."

Nilimjibu kwamba ya nane iko nyuma, haionekani.

"Haionekane, lakini iko. Mutu akikaa ndani ya nyumba yako, atakaa na nyuma pia."

Kuanzia siku hiyo nilichora masanduku kama ya kioo, pamoja na mistari mitatu iliyojificha. Na ni kweli, makosa yote yalikwenda kujikusanya kwenye ile kona ya nyuma. Upande wa mbele unaweza kudanganya, lakini kule nyuma mistari mitatu inapotakiwa kukutana, kila ulichokosea mbele kinajulikana. Nilipopata sanduku la kwanza ambalo kona yake ya nane ilifunga vizuri, Deo alinipigia makofi, na Shefu akanipa jedwali la milango, orodha ya milango yote ya jengo, nilichore kwa wino. Nilikuwa nimeajiriwa kweli sasa.

Sikuwa nimemaliza miezi mitano vita vilipoanza.

Siwezi kusimulia vita. Wengine waliona makubwa kuliko niliyoyaona mimi. Nitasema tu yaliyofika kwenye chumba chetu. Ofisi ilifungwa kwa siku nyingi, na ilipofunguliwa Deo hakuja. Tulimsubiri wiki ya kwanza, tukamsubiri ya pili. Mtu aliyetumwa mtaani kwao alirudi akasema nyumba haina mlango wala mabati, na majirani hawakutaka kuulizwa. Kwenye meza yake kulikuwa na mchoro wa ngazi, ameubandika kwa utepe kona nne, vidato sita vimetiwa wino na vingine bado ni vya kalamu ya risasi. Shefu hakuuondoa, nami sikuuondoa. Mkurugenzi alisafiri Ulaya, akasema ni kwa wiki mbili. Akatuachia funguo.

Nyumbani nako watu walipungua. Mama alichukua dada zangu wawili wakavuka mpaka, wakaenda Uvira kwa mjomba. Mji ulikuwa unagawanyika, kila mtaa ukibaki na watu wa upande mmoja, lakini Buyenzi kwetu watu waliendelea kuishi wamechanganyika, na nilifikiri nitaweza kuvumilia. Nilimwambia mama nitafuata mwisho wa mwezi. Sababu niliyompa ilikuwa nyumba, kwamba nyumba ikiachwa wazi itachukuliwa. Sababu niliyomficha ilikuwa kwamba nimeanza kujua kitu, na niliogopa kukiacha kabla hakijashika. Mwisho wa mwezi ulipofika nikasema mwezi ujao. Niliishi peke yangu katika vyumba vitatu kwa miaka yote iliyofuata.

Kwa muda tulikuwa wawili ofisini, mimi na Shefu, kazi hakuna. Alikuja na koti la mvua na gazeti, akasahihisha masanduku yangu, akasoma, akaondoka mapema ili avuke kabla barabara haijafungwa. Kisha zikaja siku tulizoziita za mji kufa, ambapo kundi fulani la vijana linatangaza kwamba hakuna mtu kutoka, na kweli hakuna mtu anatoka: maduka yamefungwa, hakuna gari, unasikia mbwa wa mtaa wa tatu. Siku hizo nilichora nyumbani. Niliporudi ofisini baada ya mojawapo ya siku hizo, Shefu hakuja. Hakuja wiki nzima. Nikajua ni Kanyosha, kwamba barabara ya kusini haipitiki kwa mtu wa upande wake.

Aliyeniletea habari zake alikuwa Mama Yosefina, jirani yake kule Kanyosha, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyeleta mboga za lenga-lenga katika soko letu la Buyenzi kila alipoweza. Wanawake wenye mboga bado walipita pale ambapo wanaume walirudishwa au hawakurudi kabisa. Alinitafuta mpaka mlangoni, akaniambia Shefu ni mzima, anakaa ndani, na anauliza masanduku yako wapi.

Nilidhani anatania. Akaniambia Shefu alirudia mara mbili, nisifikiri amekosea ujumbe.

Ndivyo ilivyoanza. Nilichora kumi kwa siku, nikakunja karatasi za wiki mara nne, na Mama Yosefina akazilaza chini ya kapu tupu akirudi kwao. Wiki iliyofuata zilirudi chini ya mboga, zimelowa pembezoni, na mistari myekundu imepita kila sanduku. Kando Shefu aliandika sentensi moja, kwa hati yake ndogo iliyolala kulia. *Upande wa kushoto unaharakisha.* Au: *Hili liko sawa, lingine kama hili.* Au mara moja: *Leo mkono wako ulikuwa na hofu.* Ilikuwa kweli, siku ile walipiga risasi karibu na msikiti wetu.

Wasomaji wangu vijana, sijui kama nitaeleweka. Ofisi niliifungua kila asubuhi kwa sababu nilikuwa na funguo, nikakaa humo na meza tatu zisizo na mtu, nikaifunga. Sokoni watu walinunua na kuondoka, kila mmoja akipima atasema nini mbele ya nani. Ilipita wiki nzima nisiseme na mtu zaidi ya salamu na bei. Ile sentensi moja ya Shefu pembeni mwa karatasi ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nilianza kuchora kwa uangalifu mkubwa, si kwa sababu nilitaka kuwa mchoraji bora, bali kwa sababu nilitaka aone nimesikia alichoniambia wiki iliyopita.

Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, ikikatika mapigano yakizidi na kuanza tena yakipoa. Kisha asubuhi moja mwanamke mwingine wa mboga alikuja mbio mlangoni kwangu, akasema Mama Yosefina amezuiwa kwenye kizuizi cha barabara ya kusini. Wamekuta karatasi chini ya kapu. Wanasema ni ramani.

Nilikwenda kwa miguu. Nilitaka kurudi mara tatu njiani, na sioni haya kulisema. Mama Yosefina alikuwa amekaa chini kando ya magunia ya mchanga, bila kitambaa kichwani, kapu lake limepinduliwa na mboga zimekanyagwa. Hakunitazama. Askari aliyekuwa mkubwa pale, kijana kuliko mimi, alikuwa nyuma ya meza ya mbao na karatasi zangu zote zimetandazwa mbele yake. Nilimsalimia, nikamwambia afande, karatasi hizo ni zangu, huyu mama hajui kilichomo.

Akaniuliza masanduku haya ni ya nini, yako wapi, na mbona mistari yote inaelekezwa mahali pamoja. Mahali hapo ni wapi? Alitaka jina la mahali.

Nilijaribu kueleza. Niliposikia sauti yangu ikisema "mahali pa kukimbilia" nikajua nimezidi kuharibu. Mwishowe nikamwomba kalamu. Nikageuza karatasi moja upande usiochorwa, nikapiga magoti pale vumbini, nikaiweka juu ya pipa lililokuwa karibu, nikachora meza yake. Niliichora jinsi nilivyoiona kutoka chini, mbao zake, pembe iliyovunjika, na karatasi zilizolala juu. Nilianza kwa vidole, kisha nikakumbuka kuchora kwa bega. Askari wengine walisogea. Nilipomaliza aliichukua, akaitazama muda mrefu, akaangalia meza, akaangalia karatasi.

"Meza iko na miguu ine," akasema. "Mi naona tatu."

"Wa nne uko nyuma ya magoti yako, afande."

"Ichore."

Nikachora mguu wa nne kama ningeuona kupitia suruali yake, kwa mistari myepesi, nao ukaja kukaa pale unapotakiwa kukaa. Akacheka kidogo puani. Akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi yangu kweli, kuchora visivyoonekana. Nikasema ndiyo, kazi yangu ndiyo hiyo. Alimwambia Mama Yosefina aokote mboga zake aende. Mchoro wa meza aliukunja akautia mfukoni. Masanduku yote, kazi ya wiki tatu, pamoja na maandishi ya Shefu, aliyatia kwenye moto wa chai yao, akaniambia asione tena karatasi kwenye kapu la mtu.

Nilimsaidia Mama Yosefina kuokota. Alikuwa na alama ya mkono shavuni. Nilitaka kumwomba msamaha, nikawa naokota majani hata yaliyopondeka.

"Mi sitabeba tena, Zuhura," akasema. "Niko na batoto."

Nikamwambia asibebe. Nikamwomba amweleze Shefu. Akaitika kwa kichwa. Baada ya siku hiyo hakuleta tena mboga Buyenzi, na mimi niliishi na jambo lile, kwamba kwa ajili ya masanduku ya hewa nilimweka mama wa watu mbele ya bunduki.

Sikuchora kwa miezi kadhaa. Nilipoanza tena ilikuwa kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yangu, na hapo nikakutana na ugumu ambao kila anayejifunza peke yake ataujua. Kosa lako mwenyewe hulioni. Unajua ulitaka kuchora nini, na jicho linaona ulichotaka. Nilirefusha mistari yangu kwa kalamu nyekundu kama alivyofanya Shefu, lakini niligundua kwamba naikunja kidogo, naisaidia ikutane. Ikabidi nitafute hila. Nilikuwa naificha karatasi chini ya godoro siku tatu, ndipo naitoa na kuisahihisha kama ya mtu nisiyempenda. Nilijiandikia kosa moja pembeni, moja tu. Ilinisaidia mkono. Upweke haikuusaidia, maana nilijua mapema nitaandika nini.

Mkurugenzi hakurudi. Funguo nilimkabidhi mwenye jengo. Nilipata nafasi katika ofisi moja ya ujenzi, chini ya Mhandisi Mkuu, mtu wa haraka aliyepiga simu mbili kwa wakati mmoja. Vita vilikuwa bado, lakini kulikuwa na vipindi vya utulivu, na watu waliokuwa wamekimbia kutoka mtaa wa Kinama walianza kurudi kwenye viwanja vyao. Ofisi ilipewa kazi ya kuwachorea nyumba ndogo za kujenga wenyewe kwa matofali ya udongo. Mhandisi Mkuu alitengeneza ramani moja, safi kabisa, akatutuma tukaioneshe. Tuliitandaza juu ya mkeka, watu wakaitazama kwa adabu, hakuna aliyeuliza swali. Mzee mmoja alinong'ona akiuliza kama hii ni karatasi ya kura.

Nikamwambia Mhandisi Mkuu kwamba ramani inaonyesha nyumba iliyokatwa na kutazamwa kutoka juu, na hawa watu hawajawahi kutazama nyumba hivyo. Niruhusu niichore jinsi itakavyoonekana. Alisema fanya, lakini haraka. Nilichora siku mbili, nyumba nzima katika perspektivu, yaani kama jicho linavyoiona, na bustani yake nyuma, kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku za Deo. Nilirudi Kinama nikijua safari hii watapenda.

Bibi mmoja aliyekuwa amejenga kibanda cha turubai kwenye kiwanja chake aliushika mchoro wangu kwa mikono miwili. Aliitwa Nyandwi. Akautazama, akaugeuza, akautazama.

"Mutoto wangu, mutu anayeangalia hii nyumba amesimama wapi? Juu ya muti?"

Nikautazama mchoro upya. Nilikuwa nimeuweka mstari wa upeo juu sana. Mstari wa upeo ni kimo cha jicho la anayetazama. Ukiuweka juu, unaona paa na uwanja wote, mchoro unapendeza, unaonyesha mengi. Nilikuwa nimeuweka pale ili waione bustani, na ili Mhandisi Mkuu auone ustadi wangu.

"Mi nitaingia kwa mulango," akasema bibi Nyandwi, bila ukali. "Sitaingia kwa mabati."

Nilikaa palepale kwenye mkeka wake nikaanza upya. Nilimwomba asimame mahali atakapopita akirudi kutoka kisimani, nikapima kimo cha macho yake kwa fimbo. Alikuwa mfupi. Nikauweka mstari hapo. Paa likapungua likawa ukingo mwembamba, bustani ikatoweka nyuma, na mlango ukasimama mkubwa mbele. Aliponitazama nikichora alianza kusema. Kwamba mlango uelekee kule, si huku, kwa sababu huku ndiko walikotokea. Hakusema akina nani. Kwamba dirisha la nyuma liwe kubwa kiasi mtu mzima aweze kupita. Nilichora dirisha lile, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kwake ile kona ya nane haikuwa zoezi. Watu wengine walikuja wakasimama. Siku ile nilichora nyumba sita, kila moja kwa kimo cha mwenyewe, na kila mtu alinisahihisha jambo. Nilirudi Buyenzi jioni sauti imenikauka kwa kuongea. Sikukumbuka lini mara ya mwisho sauti yangu ilikauka kwa sababu hiyo.

Mhandisi Mkuu aliagiza michoro yote ichorwe hivyo. Kazi ile ilinipandisha, nikawa mkuu wa chumba cha michoro, mwanamke wa kwanza katika ofisi ile, na vijana wakaniita Shefu. Nilikuwa nageuka nikisikia jina hilo, nikitafuta mtu mwingine.

Vita vilipokwisha na barabara ya kusini ikapitika bila kuulizwa, sikwenda Kanyosha mara moja. Niliogopa nitakachokikuta. Nilikwenda siku moja ya Jumamosi, nimebeba sukari na majani ya chai, nikauliza nyumba ya Mwalimu Severini, maana huko walimwita mwalimu. Nilimkuta amekaa ukumbini, amekonda, bila miwani. Alinitambua kwa sauti. Macho yalikuwa yameingia ukungu, aliona mwanga na kivuli tu. Mama Yosefina alikuwa amehamia Tanzania na wanawe pale pale baada ya siku ya kizuizi, kwa woga, bila kuaga. Hakumweleza lolote. Kwa hiyo Shefu hakujua kwa nini masanduku yalikoma. Alikuwa amesubiri wiki, akasubiri miezi, kisha akaamua kwamba nimekufa, akaniombea misa.

Nilimsimulia yote. Nikamwambia jambo lililonisumbua miaka mingi, kwamba sikupata kufika mwisho wa masomo yake, sikujua nilikuwa nimebakiza makosa gani.

Alitabasamu kuelekea mahali nilipokuwa, akakosea kidogo, akawa anatabasamia kiti.

"Makosa yaliisha zamani," akasema. "Miezi ya mwisho ile, hakukuwa kitu ya kusahihisha. Mi nilikuwa naandika tu."

Sikuelewa. Nikamwambia mistari myekundu ilikuwepo, na maneno pembeni.

"Nilikuwa natafuta ya kuandika. Ningekuambia umemaliza, ungeacha kutuma. Na mi hapa sikuwa na mutu."

Nilimtembelea kila Jumamosi mpaka alipofariki. Tulizungumza juu ya mambo mengine.

Nafasi yangu ya mwisho ilikuwa katika chuo kidogo cha ufundi huko Mutanga Sud, ambako nilifundisha mchoro kwa mkono kwa wanafunzi waliokuwa na haraka ya kurudi kwenye kompyuta zao. Nilisahihisha jinsi nilivyosahihishwa, kosa moja kwa siku. Nyumbani bado nilikuwa peke yangu. Dada zangu waliolewa Uvira, mama tukamzika huko. Mwaka wa kustaafu nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Inesi, msichana mkimya aliyeniletea karatasi kila asubuhi kabla ya wengine kufika, akasimama kando ya meza yangu nikitazama. Nilizizoea asubuhi zile. Nilikuwa nawahi kwa ajili yake.

Siku moja, wiki chache kabla sijaondoka, niliipitia karatasi yake yote, nikairefusha mistari, nikahesabu kona. Hakuna kitu. Nilipitia mara ya pili, na nitasema ukweli, mara ya pili nilikuwa natafuta. Ningeweza kuandika neno. Angelikubali, angerudi kesho yake, na kesho kutwa.

Nilimwambia amemaliza. Hakuna kosa, na sina tena cha kumfundisha katika hili. Aende akachore nyumba.

Alisimama kidogo, kama asiyejua mikono aiweke wapi. Akaniuliza kama aendelee kuleta asubuhi. Nikamwambia alete akipenda, lakini si kwa sababu ya masanduku.

Kesho yake nilifika mapema kama kawaida. Hakuja. Saa tatu nilimwona kupitia dirisha, yuko uwanjani na wenzake watatu, wameinama juu ya karatasi moja kubwa, naye anawaonyesha kitu kwa kidole, na wote wanaongea kwa pamoja. Nikakaa kwenye meza yangu, nikasubiri kengele.